Keki ya Jibini, Karoti na Karanga: Kwa Nini Tuone Haya?

Najua ya kuwa wengi wenu mtacheka mtakapoona kichwa cha maneno haya, na hasa mkijua kwamba aliyeyaandika ni mvulana. Chekeni, si kitu. Hata mjomba wangu alicheka, na mwisho akaomba kipande cha pili. Lakini nawasihi msome mpaka mwisho, kwani sitaki kuzungumza juu ya utamu wa keki tu. Nataka kuzungumza juu ya haya, yaani ile aibu inayotufanya tudharau vitu vyetu wenyewe, kisha tukope fedha ili tupate vitu vya mbali ambavyo pengine si bora kuliko vyetu.

Kwetu ni Endagikot, katika nchi ya Mbulu. Asiyepajua na afahamu kwamba ni mahali pa vilima na baridi. Watu hulima mahindi, maharagwe, viazi na vitunguu saumu, na nyumba nyingi zina ng'ombe, hata akiwa mmoja. Wakati wa mvua majani huwa mengi, na maziwa nayo huwa mengi. Mgeni angedhani kwamba huo ndio wakati wa furaha, lakini taabu huanzia hapo. Barabara hugeuka tope, mnunuzi wa maziwa hafiki, na huwezi kumwuzia jirani kwa sababu jirani naye ana maziwa yake. Mwaka jana, katika likizo fupi ya mwezi wa nne, nilimwona mama akiwamwagia mbwa ndoo nzima ya maziwa yaliyoharibika. Hakusema neno. Alisuuza ndoo, akaingia ndani.

Juma lile lile nilimwona akihesabu kuku. Mdogo wangu wa kike alikuwa karibu kupata kipaimara, na ilipasa keki iagizwe mjini. Bei yake ilikuwa shilingi 50,000. Mama alikusudia kuuza kuku watatu watagao, na zilizopungua akope katika kikundi chao cha kuweka na kukopa. Nikakumbuka sherehe ya kaka yangu ya mwaka uliotangulia. Keki ile nayo ilitoka mbali, ikasafiri ndani ya basi juu ya magoti ya shangazi, ikafika imebonyea upande mmoja. Juu ilikuwa na rangi nzuri mno, ndani ilikuwa kavu kama sifongo. Wageni walisifu kwa adabu, wakashushia kwa chai. Deni lake lilimalizika miezi minne baadaye.

Basi nikamwuliza, "Mama, ni lazima keki itoke mjini?"

Akanijibu, "Mwanangu, watu watasema nini?"

Nimeyafikiri sana maneno hayo matatu. Naamini yamekwisha kula kuku wengi katika nchi yetu kuliko kicheche.

Na tutazame keki ni kitu gani hasa. Ni unga, mayai, mafuta, utamu na moto. Unga wa ngano si kitu kigeni kwetu. Katika wilaya ya Hanang, huko Basotu, mashamba makubwa ya ngano yalianzishwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada. Mayai yako chini ya uchaga wa mama. Sukari husagwa Arusha Chini, karibu na Moshi. Karanga huletwa mnadani kwa magunia. Karoti na maboga yamo shambani, na maziwa, kama nilivyosema, twawapa mbwa. Kitu gani basi tunachokifuata mjini? Nathubutu kusema kwamba tunafuata sanduku la karatasi tu, ili watu waone kwamba tumenunua.

Wengine husema kwamba keki ni mambo ya Wazungu, na hasa keki ya jibini. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka niliposoma habari za Cato, mkuu mmoja wa Roma aliyekufa mwaka 149 kabla ya Kristo. Mtu huyu aliandika kitabu juu ya kilimo, na ndani yake akaeleza namna ya kupika keki ya jibini. Alisema jibini ratili 2 ipondwe vizuri kinuni, itiwe unga ratili 1, au nusu ratili ya unga laini kwa mtu apendaye keki nyororo, kisha yai 1. Halafu iwekwe juu ya majani na kuokwa polepole mekoni, chini ya chungu cha moto. Na kwa keki nyingine ya jibini katika kitabu hicho hicho, aliagiza makaa yawekwe juu ya kifuniko na kandokando.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Kinu, majani, chungu, makaa juu ya kifuniko! Mbona hayo ni mapishi ya bibi yangu? Huyo Mrumi hakuwa na jiko la umeme wala sanduku la karatasi, walakini hakuona haya kuyaandika katika kitabu ambacho watu wanakisoma hata leo.

Habari ya kutia mboga katika keki nayo si ya ajabu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilianza kugawa sukari kwa kipimo mwezi wa Januari 1940, na mgao huo haukuisha mpaka mwaka 1953. Watu walihimizwa kutumia karoti katika vyakula vyao vitamu, kwa kuwa karoti ina utamu wake wa asili. Wao hawakufa kwa aibu. Waliona sukari haba na karoti nyingi, wakatumia kilicho kingi.

Sasa nitaeleza tulivyofanya, ili atakaye ajaribu. Mama alinikubalia kwa shingo upande, kwa sharti kwamba nijaribu kwanza siku ambayo haina wageni.

Nilichukua lita 4 za maziwa ya asubuhi, nikayachemsha mpaka yakafura. Kuchemsha ni jambo la lazima wala si la hiari, maana maziwa mabichi yaweza kuleta ugonjwa wa brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Nikaepua, nikangoja kidogo, kisha nikatia maji ya malimau 4 kidogo kidogo huku nikikoroga taratibu. Mara maziwa yakakatika: mabonge meupe yakaelea, na maji ya rangi ya manjano yakabaki chini. Mwalimu wetu wa Kemia alikwisha kutueleza sababu yake. Ndani ya maziwa mna chembe za protini iitwayo kaseini, nazo husukumana zisishikane. Ukitia asidi, ule msukumano hupotea, zikashikana na kuwa bonge. Darasani niliyaandika hayo katika daftari ili nifaulu mtihani. Siku ile jikoni ndipo nilipoyaelewa.

Nikachuja kwa kitambaa safi, nikakitundika muda wa saa moja, nikapata jibini laini kiasi cha robo tatu ya kilo. Yale maji hatukuyamwaga. Mama aliyapikia uji, nao ulikuwa na uchachu mzuri. Jibini nikaitwanga kinuni mpaka chenga zikaisha, nikaongeza malai kikombe 1, sukari kikombe 1, mayai 4, unga wa ngano vijiko 4 vya mezani, karoti 3 zilizokunwa na kukamuliwa maji yake, na kikombe 1 cha boga lililochemshwa na kupondwa.

Tako la keki lilikuwa la karanga. Nilizikaanga, nikazipeta maganda, nikazitwanga zikabaki chenga chenga, nikazichanganya na samli na sukari kidogo, kisha nikazikandamiza katika sufuria ndogo iliyopakwa samli. Juu yake nikamimina ule mchanganyiko wa jibini. Nikachukua sufuria kubwa, nikatia mchanga chini na mawe matatu madogo, nikaweka ile ndogo juu ya mawe, nikafunika, nikatia makaa machache chini na mengi kidogo juu ya kifuniko.

Ya kwanza iliharibika. Nilikuwa na haraka, nikachochea moto wa chini. Karanga zikaungua na katikati kukabaki uji. Mjomba alikuwako siku hiyo. Akasema, "Hii ndiyo elimu tunayoilipia? Kijana wa kiume kushindana na sufuria?" Nyumba nzima ikacheka, na mimi nikaona uso wangu unawaka kuliko makaa. Hapo niliielewa aibu ya mama, jinsi inavyokaba koo.

Lakini wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Siku ya pili nilipunguza moto wa chini, nikaacha keki ioke muda wa saa moja na robo mpaka kando zikashika na katikati ikawa inatikisika kidogo tu. Nikaepua, nikaiacha ipoe usiku kucha. Hilo ndilo jambo ambalo sikulijua siku ya kwanza: keki ya jibini hukazana inapopoa, nawe ukiikata ingali moto utadhani ni mbichi. Asubuhi tuliikata. Ilikuwa na rangi ya manjano kama jua la asubuhi, laini juu, na chini karanga zikivunjika menoni. Bibi, ambaye hana meno mengi, aliila polepole, kisha akasema, "Hili boga limekwenda shule." Mdogo wangu wa mwisho, ambaye humficha paka mboga zake chini ya meza, alimaliza karoti zote bila kujua kwamba amekula karoti.

Kwa sherehe tulioka mbili. Sukari, karanga, unga na malimau ya keki zote mbili havikufika shilingi 10,000. Ni haki niseme kwamba mayai, samli na malai sikuvitia katika hesabu, na mayai yangeweza kuuzwa. Hata hivyo kuku wale watatu walibaki, na mpaka leo wanataga.

Sasa nije katika siku yenyewe. Wageni walipoziona keki zile, hazina maua ya sukari wala maandishi, zimepambwa kwa karanga tu, mama mmoja aliuliza, "Mmeagiza wapi?" Nilimtazama mama. Alinyamaza kitambo, nami nilijua anapigana na yale maneno matatu. Kisha akasema, "Imepikwa hapa. Ni maziwa yetu." Na kweli, watu walisema. Nilimsikia mtu mmoja akinong'ona kwamba fedha zimetupungukia. Mama naye alimsikia. Aliendelea kugawa keki. Baada ya siku tatu, yule aliyeuliza alikuja nyumbani na ndoo ya maziwa yake, akataka afundishwe, na aliyemfundisha alikuwa mama.

Ndugu Msomaji, sisemi kwamba keki itaondoa umaskini, wala kwamba ndiyo dawa ya utapiamlo. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walionekana kuwa wamedumaa. Hao hawahitaji keki. Wanahitaji maziwa, mayai, maharagwe, karanga na mboga kila siku. Keki ina sukari, na ni chakula cha sikukuu. Lakini mkono uliojifunza kugandisha maziwa kwa ajili ya keki hujua pia kuifanya jibini ya kutia katika mchicha na viazi vya watoto siku za kawaida, na maziwa ya masika hayatamwagwa tena. Hiyo ndiyo faida ninayoitafuta.

Najua hoja zitakazoletwa kunipinga, nami nitazijibu kwa ufupi.

Kwanza, watasema kazi ya jikoni si ya wavulana. Nawauliza hao: hotelini Arusha wapishi ni nani? Wengi ni wanaume, nao hulipwa mshahara. Haiwezekani kazi iwe ya heshima ikilipiwa mjini, na iwe ya fedheha ikifanywa kwa ajili ya mama yako.

Pili, watasema kuoka kwamaliza miti. Hoja hii ni ya kweli, na sisi tulio jirani na Msitu wa Nou hatuna ruhusa ya kuipuuza, maana msitu huo ndio unaotunza maji yetu. Kwa hiyo mimi natumia magunzi ya mahindi, ambayo makaa yake yanatosha kabisa juu ya kifuniko. Lakini kazi hii ifanywe mahali penye hewa, kwa kuwa jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu.

Tatu, watasema karanga zaweza kuwa na sumu. Ni kweli vilevile. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua, na wengine wakafa, kwa sumukuvu iliyokuwamo katika mahindi, na karanga nazo hushikwa na kuvu hiyo hiyo. Basi chagueni karanga moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupeni, wala msimpe kuku. Kukaanga hakuiondoi sumu yote. Kadhalika, asiye na jokofu asiiweke keki ya jibini muda mrefu baada ya kupoa, hata kama kwetu kuna baridi.

Nina ombi moja kwa shule yetu. Mara nyingi somo la Chakula na Lishe hudhaniwa kuwa la wasichana, na Kemia hudhaniwa kuwa ya chumba cha majaribio. Natamani siku moja katika kila muhula wavulana na wasichana wapelekwe pamoja jikoni, wapewe maziwa, malimau, mboga za bustani yetu na sufuria mbili, waambiwe: haya, onyesheni mliyojifunza. Siku ya mahafali, keki itakayokatwa mbele ya wazazi iwe ni ile iliyookwa na wanafunzi. Ikiwa imebonyea kidogo, ibonyee kwa mikono yetu wenyewe. Wazazi wetu wakiona kwamba shule ya serikali haioni haya kuweka boga na karanga juu ya meza ya wageni, nao hawataona haya.

Maana mwisho wa maneno yangu ni huu. Tunapokosa fedha, husema umaskini ndio unaotuzuia. Mara nyingine ni kweli. Lakini maziwa yale yaliyomwagwa mbele ya macho yangu hayakumwagwa na umaskini peke yake. Yalimwagwa pia kwa sababu hatukudhani kwamba kitu kitokacho katika ndoo yetu kinaweza kuheshimiwa na wageni. Umaskini wahitaji miaka mingi kuuondoa. Aibu ya namna hii yaweza kuanza kuondoka asubuhi moja, mtu akisema tu kama alivyosema mama: imepikwa hapa.

Likizo ijayo mvua zitakuwa zimenyesha, na maziwa yatakuwa mengi. Atakayejaribu na aniletee habari. Na iliyoungua asiitupe bila kuonja pembeni, kwa sababu hata ile yangu ya kwanza mbwa hawakuipata yote.

Wenu katika masomo,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, kutoka Endagikot.